Gari ya Uwamwezi

Watu wa Muheto wanasemaka kama mi niko muntu wa hasira. Waseme tu. Wangelala na maumivu yenye nililala nayo, waamke nayo, waende nayo mu shamba, tungeona nani kati yao angebaki na sura ya kucheka.

Jina yangu ni Mbonigaba. Nalima viazi na maharagi ku mulima, fasi baba yangu alilima. Tena niko maître, mwalimu wa karate, na usianze kucheka. Kimono iko, mukaba nyeusi ya kiunoni iko, na wanaume wengi wa huku wenye leo wako na ndevu, mi njo niliwafundishaka kusimama sawasawa. Lakini heshima yangu ku mulima ilitokea ku kipoyi.

Kwetu mugonjwa anabebwa. Njia ya kushuka ku hopitali iko mawe na udongo ya kuteleza. Pikipiki inapanda siku za jua, na hata siku za jua inakurusha mpaka meno yanagongana. Kwa hiyo kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba kipoyi: miti mbili ndefu, katikati kitanda ya kamba, wawili mbele, wawili nyuma, na wengine wanafuata kwa kubadilishana. Mwanaume mwenye kukataa kubeba, siku yake ikifika hakuna mwenye atamubeba. Njo sheria yetu, na hakuna mwenye anaibishia.

Sasa, mu karate unajifunza kutembea upya. Magoti yanakunjika kidogo, kiuno inakaa chini, muguu hainyanyuki, inateleza ku udongo kama unapanguza meza. Siku yangu ya kwanza ku kipoyi nilitembea vile bila kufikiri. Tulikuwa tunabeba mama mwenye mimba, na tulipofika chini akasema kama alisinzia. Alisinzia, na uchungu tayari! Kuanzia pale ikawa: muite Mbonigaba, akae mbele kuume. Nikafundisha wengine. Jean de Dieu, mwanafunzi wangu wa zamani mwenye leo iko baba ya watoto wakubwa, anabeba mbele kushoto, na tukiwa sisi wawili unaweza kuweka kikombe ya chai ku tumbo ya mugonjwa.

Na kila fasi ya kupumzika, mi njo nauliza mugonjwa: «Tumekutikisa?» Yeye anajibu. Akisema ndiyo, tunabadilisha watu. Kuuliza vile mi njo niliileta.

Bibi yangu Uwamwezi, mwanamke mwenye nilioa, alikuwa na ugonjwa ya moyo. Muganga wa hopitali alituambia kama moyo imevimba, haisukume damu muzuri. Mara kwa mara miguu yake inajaa maji, pumzi inakatika, tunamushusha, wanamupa dawa, anarudi anaimba na kunitukana kidogo. Walijaribu kumushusha na pikipiki mara moja tu. Alifika midomo imebadilika rangi. Toka siku ile mutu akimutajia pikipiki, anajibu: «Aa-aa. Mi niko na gari yangu. Haikunywe mafuta, inakula viazi.»

Gari yenyewe ni mimi.

Basi, mwaka ile mvua ilizidi, mapaja yangu yakaanza kuuma. Kwanza sikujali. Uchovu ya mazoezi naijua, inakuja, inakaa kidogo, inaenda, na kusema kweli unaipenda, juu inakuambia kama ulitumika kazi. Hii haikuenda. Ilikaa ndani ya nyama, ikaita ndugu zake: mugongo, kisha bega ya kuume. Asubuhi nilikuwa nashuka ku kitanda kama muntu mwenye walimupiga fimbo. Na kuchuchumaa mu choo? Ayi, Mungu wangu. Ilikuwa vita. Nilikuwa naguna mpaka Uwamwezi ananisikia ku jiko, na yeye, badala ya kunihurumia, anapaaza sauti majirani wasikie: «Maître! Tukuletee kipoyi?»

Nilikuwa nakasirika, kabisa. Kisha nacheka, na kucheka kwenyewe kunauma.

Nilifanya nini? Nilizidisha mazoezi. Mutu wa kawaida akiumia analala. Sisi wa karate tuko na kichwa ingine: tunafikiri nyama yenye kulalamika iko mwanafunzi muvivu, unaipiga inanyamaza. Nilikuwa naenda nyuma ya mikaratusi, napiga mateke mpaka jasho inaniingia mu macho. Njo hivi nilikuwa nimefanya miaka yote, na miaka yote ilinijibu muzuri.

Uwamwezi akazidiwa mu saa za mchana, anga imefunga. Tukamulaza ku kipoyi, nikashika mbele kuume kama kawaida. Kufika ku mutoni, fasi njia inaingia mu maji na kupanda tena ku ng'ambo, paja yangu ya kuume ikakataa. Haikuteleza. Ilikataa tu, kama taa yenye imezimwa. Nilianguka magoti mu maji na kona ya kipoyi ikanifuata. Jean de Dieu alivuta upande yake, hakumuacha aende mu mutoni, lakini bibi yangu alipiga mbavu ku muti ya kipoyi na akatoa sauti yenye sijawahi kusikia mu kinywa yake.

Wengine wakachukua. Mi nikafuata nyuma na viatu vyake mu mukono. Wale wanaume walikuwa na roho nzuri lakini walikuwa na haraka na woga, na walimutikisa mpaka hopitali. Kila jiwe nililiona. Ku kila jiwe nilisikia anaguna.

Alirudi, Mungu alitusaidia. Tulikaa ku mulango tukichagua maharagi, akaniambia bila kuniangalia:

«Muganga anasema nitashuka tena. Haijulikane lini.»

«Nilisikia.»

«Mbonigaba, naogopa. Kufa, nilishazoea kuwaza. Naogopa ile kutikiswa. Ukitikiswa pumzi inakosa fasi ya kupita, unakufa mara nyingi mbele ya kufa.» Akatupa jiwe ndogo yenye ilikuwa mu maharagi. «Nataka unibebe weye. Kwa hiyo upone. Sitaki kusikia maneno ingine.»

Nikamuambia nitapona. Akasema: «Na kichwa yako ile? Aa-aa. Enda Mpofi, kwa maître wako. Mi hunisikie.»

Maître wangu ni mwanamke, na mwenye anataka kucheka acheke sasa amalize. Jina yake Kahambu. Ni Munande, alijifunza karate kwao Butembo wakati wasichana walikuwa wanakatazwa hata kuvaa suruali, kisha akakuja kufanya biashara kule Mpofi, upande wa Walikale: chumvi, sabuni, mabati. Mi nilikuwa kijana wa kupakua magunia yake. Siku moja nilimujibu vibaya, nikajikuta nimelala chini naangalia mawingu. Nikamuomba anifundishe.

Njia ya Mpofi ilikuwa wazi siku zile, vita ya huku kwetu ilikuwa imepumua kidogo. Nilipanda kamio, lori ya wachuuzi, nikafika nimekauka mwili yote. Nilimukuta mu duka, ameketi ku gunia ya chumvi, fimbo kando yake. Amezeeka, kiuno imekufa upande moja. Nikainama mbele yake kama inavyopashwa, wanunuzi wanatuangalia na sabuni zao mu mukono.

«Chuchumaa,» akasema.

Nikachuchumaa. Nikaguna. Akanyoosha mukono, akatia kidole gumba mu paja yangu, nikaruka.

«Unaendelea kupiga mateke?»

Nikasogeza paja mbali na kidole yake.

«Eeh! Weye Mbonigaba, kwani mu kichwa yako mulijaa nini, ugali? Nyama imechoka, unaipiga, kisha unashangaa inalia? Haiko tena nyama ya yule kijana wa magunia. Ona mimi. Kiuno yangu ilinilalamikia miaka, nikaidharau, leo naenda choo kwa kushikwa mukono. Mi niko maître wako ao siko?»

«Uko maître.»

«Basi ni amri. Hakuna teke, hakuna kubeba, hakuna kujikaza. Utembee polepole, ukandwe, ulale. Mpaka nikiweka kidole paja iache kujibu.»

«Mpaka lini, maître?»

«Nilikuambia lini? Nilisema mpaka iache.»

Nikamuuliza kile chenye kilikuwa kinanichoma: kama Uwamwezi akizidiwa mi bado sijapona? Maître Kahambu aliangalia fimbo yake.

«Wengine watamubeba,» akasema. «Na weye utafuata nyuma, utanyamaza. Ukimuangusha tena, utaishi namna gani?»

Nikarudi Muheto na ile amri. Jamani, kupumzika ni kazi ngumu! Kukaa ku kiti na kuona wanaume wengine wanateremuka na kipoyi, wanainua miguu juu kama wanapanda ngazi, na mi nanyamaza. Nilikuwa nagombana na kuku. Uwamwezi alituma kwa kaka yake, kule Bihambwe, wakaleta mafuta ya ng'ombe mu kibuyu, ile ya zamani yenye kunuka. Kila jioni jua ikiwa bado ku mulima, ananilaza ku mukeka nje, anapasha mafuta ku mukono, anakanda. Mikono yake haikuwa na nguvu tena. Kwa hiyo alikuwa anatumia kisigino ya mukono, kisha kiwiko, anaegemea na uzito yake yote, na uzito yenyewe ilikuwa imebaki kidogo. Akichoka anapumzika, kichwa ku mugongo yangu, namusikia pumzi inapanda na kushuka kwa shida.

«Wacha, utachoka,» namuambia.

«Nyamaza. Natengeneza gari yangu. Kwani weye unawaza nafanya kwa mapendo?»

Na mi mupumbavu, nilijaribu kumudanganya. Nilipoona maumivu imepungua kidogo, nikaenda nyuma ya mikaratusi na mukaba yangu kiunoni, nikapiga mateke. Machache tu! Jioni alipoweka kiwiko ku paja, nikaruka. Akafunika kibuyu, akaingia ndani. Asubuhi nikatafuta mukaba yangu, hakuna. Nikatoka nje. Mutoto wa ng'ombe alikuwa anakula majani ku nguzo, na kamba yenye ilimufunga shingo ilikuwa mukaba yangu nyeusi.

Nilipiga kelele mpaka majirani walitoka. Uwamwezi alikuwa amesimama ku mulango, ameshika mbavu, anacheka na kukosa pumzi, machozi inamushuka. «Ng'ombe iko na akili,» akasema. «Inajua kupumzika.»

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia, sauti chini, hata jirani hakusikia: «Mbonigaba, ile mateke inakula siku zangu.»

Sikurudi tena nyuma ya mikaratusi.

Kupona kulikuja polepole, tena bila kupiga hodi. Siku moja nilivaa shati na bega haikusema kitu. Siku ingine nilishuka ku kitanda, nikafika ku mulango mbele ya kukumbuka kama nilipashwa kuumia. Na asubuhi moja nilichuchumaa mu choo, nikasimama, nikachuchumaa tena, kimya. Nilikaa mule nashangaa. Nikasikia sauti ya Uwamwezi ku jiko, imejaa woga ya kuchekesha:

«Maître! Umekufia humo?»

Nikatoka nakimbia, nikamunyanyua. Alinipiga mabega na kijiko ya ugali. Majirani waliona, na waone!

Maître Kahambu hakuweza kukuja kuweka kidole, kwa hiyo Uwamwezi aliweka ya kwake, kisha akanipitisha simu. «Imeacha kujibu?» maître akauliza. «Imeacha.» «Anza na viazi,» akasema. Tukaanza na gunia ya viazi ku kipoyi, mimi na Jean de Dieu na wengine wawili. Tukazunguka shamba. Kisha Uwamwezi akasema viazi haijue kusema kama inatikiswa, akapanda mwenyewe, akajilaza kama mama wa sherehe, na tukamuzungusha uwanja mzima, wanawake wanapiga vigelegele.

«Tumekutikisa?» nikauliza.

«Gari imetoka garage,» akajibu.

Wakati ile nilikuwa na furaha yenye sikuwaza nitaipata tena mu uzee yangu.

Mvua ya kupanda maharagi ilipoanza, miguu yake ikajaa. Asubuhi moja hakuweza kulala wala kukaa, pumzi inakuja vipande-vipande. Jean de Dieu akakusanya wanaume. Tukamuweka ku kipoyi, mito mingi nyuma ya mugongo, tukamufunika kitenge, na juu ya kitenge bashi, turubai ya kuzuia maji, maana mvua ilikuwa inanyesha ndogo-ndogo. Mushuko ni mukali, na muntu mwenye hana nguvu anateleza. Akasema: «Leta mukaba yako.» Nikamufunga kiuno na mukaba ile, nikaunganisha ku miti ya kipoyi. Ilikuwa bado na harufu ya ng'ombe. Akakunja pua.

Nikashika mbele kuume.

Nataka unielewe: sijawahi kutembea vile, hata ujanani. Magoti laini. Kiuno chini. Udongo ilikuwa inateleza na mi niliteleza nayo, nikiiambia fasi ya kwenda. Jean de Dieu alinifuata hatua kwa hatua. Ku mapumziko ya kwanza nikauliza:

«Tumekutikisa?»

«Hapana,» akasema chini ya bashi. «Endeleeni.»

Ku ya pili nikauliza tena. Akakawia kidogo. «Ni kama niko ku kitanda yangu,» akasema.

Kisha mutoni. Ile fasi. Maji ilikuwa imepanda kupita siku ile nyingine. Wanaume wa kubadilisha waliniangalia, mumoja akanyoosha mukono achukue muti yangu, nikamuangalia akaurudisha. Nikaingia. Maji ilifika mapajani. Nilisikia kila nyama ya muguu yangu inakamata kazi yake, moja moja, na hakuna yenye ililalamika. Tukapita. Tukapanda ng'ambo, na kipoyi ilibaki sawa kabisa. Nilifurahi, nasema wazi. Nilikuwa nabeba bibi yangu mugonjwa na nilikuwa nafurahi, najisemea: Umeona, Uwamwezi? Umeona gari yako?

Tukamushusha chini ya muti, ng'ambo ya mutoni, tupumzike.

«Tumekutikisa?»

Mvua ilikuwa inapiga bashi. Niliwaza hakusikia.

«Uwamwezi. Gari imesimama. Tumekutikisa?»

Jean de Dieu akafunua bashi. Uso wake ulikuwa umelala upande, kinywa wazi kidogo, kama jioni zile alikuwa anapumzika ku mugongo yangu. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika mukaba. Nikaweka shavu ku kinywa yake. Nikaweka sikio ku kifua. Mikono ilikuwa bado na joto. Jean de Dieu alivua kofia, na wengine wakavua, na hakuna mwenye alijua ilikuwa ku jiwe gani, ku kona gani. Wenye kubeba nyuma walikuwa wanaangalia miguu yao. Mi nilikuwa mbele, nimemupa mugongo.

Kama tungemutikisa, angeguna. Angeguna, ningesikia, tungesimama. Ningemushika mukono, ningemuambia hata neno moja. Lakini nilitembea muzuri sana. Alikufa bila kutikiswa, kama alivyoniomba, na mi sikujua.

«Maître,» Jean de Dieu akasema, «tutamurudisha. Weye fuata, sisi tubebe.»

Nikamujibu kama mwenye atagusa muti yangu nitamuvunja mukono, na walijua hiyo haikuwa mchezo. Tukageuza kipoyi. Nikabeba kupita mutoni tena, nikabeba kupanda mulima yote, sikubadilishwa. Kila fasi tulipumzika, watu waliniangalia wakingoja. Niliuliza. Ile swali njo yangu, niliileta mimi, singeweza kuiacha. Ku kila mapumziko niliinama na kuuliza: «Tumekutikisa?» Kisha tunanyanyua.

Tulimuzika ku shamba, karibu na mikaratusi. Maître Kahambu alilia ku simu mpaka mutu mwingine akamunyang'anya.

Asubuhi ya kufuata niliamka na nikabaki nimelala, naingoja. Kubeba vile, kushuka na kupanda, mu mvua, na umri yangu: nilijua maumivu inakuja, na kusema kweli niliitamani. Nilitaka inikamate mwili yote, inilaze, inipe kazi ya kufanya. Nikanyoosha miguu. Hakuna. Nikashuka ku kitanda. Hakuna. Mapaja ilikuwa laini, bega nyepesi, mugongo ya kijana. Kibuyu ya mafuta ilikuwa ku dirisha, imebaki nusu. Nimepona kabisa, alinitengeneza muzuri.

Nikaenda mu choo. Nikachuchumaa bila shida, nikakaa pale. Majirani walikuwa wameanza kuwasha moto, moshi inapita juu ya ukuta. Kisha niliguna. Niliguna kwa nguvu, kwa uongo, kama zamani, mpaka mbwa ikabweka, na nikangoja mutu aulize kama waniletee kipoyi.